Bosi Wangu Alikwenda Chekechea Kukataa

Bosi wangu alikuwa amelala chali sakafuni, suti na tai, katikati ya watoto wadogo, anakoroma.

Juu ya tumbo lake alikuwa amelala mwanangu.

Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni, viatu mkononi, sijui nicheke au nianze kutafuta kazi nyingine.

Haya yalinitokea kweli. Nivumilieni kidogo niyaeleze tangu mwanzo, maana mimi si mwepesi wa kuongea, na hata kuyaandika hapa nimejishauri weee mpaka mume wangu akasema, "Tasnim, andika au uache kunisumbua."

Naishi Batley, kaskazini mwa Uingereza. Ni mji ambao ukikohoa sokoni, anayegeuka ni fundi magodoro au mpwa wake.

Nafanya kazi ofisi ya mishahara kwenye kiwanda cha magodoro cha Bwana Lumb. Chuoni nilisoma uhasibu. Hesabu nazipenda kwa sababu hazikulazimishi kuongea.

Bwana Lumb mwenyewe ni mzee mkubwa, mwekundu wa uso, na sauti yake haijawahi kushuka. Akikunong'oneza siri, dereva wa lori kule uani anaitikia.

Mimi ni kinyume chake. Sauti yangu ikitoka, inatoka kama inaomba radhi.

Lakini kiwandani kwetu kuna kitu kimoja kinachoniokoa.

Kule zinakosokotwa springi, mashine zinaunguruma kiasi kwamba hata ukipiga kelele hakuna anayekusikia. Kwa hiyo watu wanasema kwa midomo. Unafungua kinywa vizuri, unaumba kila neno, unaongeza nyusi na macho, na mwenzako wa upande wa pili wa banda anakupata sawasawa. Sauti haitoki hata chembe.

Ni mambo ya viwanda vya zamani vya sufu. Baba yangu aliyaleta nyumbani kutoka zamu ya usiku, na mimi na dada zangu tulikuwa tunatukanana mezani mama hana habari.

Kwa sauti mimi ni panya. Kwa midomo mimi ni mbunge.

Sasa, tatizo.

Baada ya likizo ya uzazi nilirudi kazini, na mama mkwe akawa anamlea binti yangu Zoha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wifi yangu wa Bolton akajifungua mapacha.

Mama mkwe akafunga begi. Akambusu Zoha, akanibusu na mimi. "Mwanangu, wale ni wawili, huyu ni mmoja," akasema. "Mungu atakufungulia." Akapanda treni.

Nikapiga hesabu ya kituo cha kulelea watoto. Nikairudia, labda nimekosea. Sikukosea. Mshahara wangu ungeingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma bila hata kuketi.

"Labda niache kazi kidogo," nikamwambia Ilyas, mume wangu.

Wote wawili tulijua kwamba kuacha kazi kidogo hakupo.

Na mimi kazi yangu naipenda jamani. Nililia bafuni huku bomba limefunguliwa, asinisikie.

Siku chache baadaye, kazini, nikakutana na kitu kwenye maelezo ya kodi. Nikasoma mara ya pili.

Mzazi anaruhusiwa kumwambia mwajiri wake hivi: punguza sehemu ya mshahara wangu kabla kodi haijauona, na badala yake wewe mwenyewe unilipie kituo cha mtoto. Ile sehemu haikatwi kodi. Kwenye karatasi mshahara umepungua, lakini nyumbani mnapumua.

Kwa hesabu yangu, ningeweza kubaki kazini!

Ila kulikuwa na sharti. Serikali haitaki mwajiri awe bomba la kupitishia pesa tu. Lazima achangie kituo na atie mkono kwenye uendeshaji wake. Akae kwenye kamati, aamue mambo, ajulikane.

Yaani Bwana Lumb akae kwenye kamati ya chekechea.

Nilicheka peke yangu mpaka Janice akainua kichwa. Janice ndiye msimamizi wa washonaji, na hakuna jambo la kiwanda linalompita.

"Kuna nini, mpenzi?"

Nikamweleza. Akanishika mkono. "Nenda kamwambie. Sasa hivi."

Nikaenda. Nikagonga.

"INGIA!"

Nikaingia.

"SEMA, BINTI!"

"Samahani Bwana Lumb... nilikuwa naomba... stepla."

"CHUKUA!"

Nikarudi na stepla. Kesho yake nikaenda tena, nikarudi na nyingine. Mnaweza kusema, si ungemwambia kwa midomo? Hapana. Midomo ni ya bandani, kwenye kelele. Ofisini, kwenye ukimya, ukimchezeshea mtu midomo ni kumdhihaki.

Siku ya tatu Janice akaziangalia stepla zangu mezani. "Mwanangu, hizi ndizo zitakazomlea mtoto?"

Akafungua mlango wa ofisi ya bosi bila kugonga.

"Wee Lumb! Huyu mtoto anataka umkate mshahara!"

"NIMKATE MSHAHARA? KAFANYA NINI?"

"Hajafanya kitu! Watu wote wanakuja hapa kuomba waongezwe, huyu anaomba akatwe, na wewe hujiulizi?"

Basi nikasukumwa ndani, nikajieleza kwa ile sauti yangu ya kuomba radhi. Nikamwambia kwamba nafasi ya Zoha inashikiliwa mpaka Ijumaa, na kwamba Zoha yupo kwenye siku za kuzoea, anakwenda saa chache saa chache, na zilizobaki Ilyas yuko likizo anamlea. Ijumaa ikipita bila mwajiri kukubali, nafasi anapewa mtoto mwingine na mimi naaga kazi.

Bwana Lumb alinisikiliza huku anakuna kidevu.

"MIMI NATENGENEZA MAGODORO. NIKAENDESHE CHEKECHEA? MIMI MWENYEWE NILILELEWA NDANI YA SANDUKU LA PAMBA, CHINI YA CHEREHANI YA MAMA YANGU, NA NIKO HAPA!"

"Ndiyo maana uko hivyo," Janice akasema.

"TUMA JINA LANGU TU. WAANDIKE."

Nikampigia simu Bi Sugden, mkuu wa kituo. Ni mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na hajawahi kupaza sauti maishani kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Majina nimeshaletewa na waajiri wawili," akasema. "Hakuna aliyetia mguu hapa. Watu wa kodi walipouliza, tuliaibika. Namtaka yeye. Mwambie aje kesho, mara tu baada ya chakula cha mchana."

Nilipomfikishia, bosi akainuka kitini.

"NITAKWENDA! NITAMKATALIA USO KWA USO! NA WEWE UTAKUJA USHUHUDIE."

Usiku ule sikula vizuri.

Tulipofika, Bi Sugden alitupokea mlangoni, kidole mdomoni.

"Wamelala," akanong'ona. "Ofisi yangu iko ng'ambo ya chumba chao. Vueni viatu. Ndani hatusemi neno. Anayemwamsha mmoja amewaamsha wote, na anayewaamsha atawalaza mwenyewe."

Bwana Lumb akafungua kinywa. Bi Sugden akamwangalia. Bwana Lumb akafunga kinywa na kuvua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Nikaangalia dari.

Tukaingia. Mapazia yamefungwa, watoto wamejilaza kwenye vigodoro vyao sakafuni, pumzi zinapanda na kushuka.

Tulikuwa tumefika katikati ya chumba bosi aliposimama ghafla.

Ameona kigodoro. Kilikuwa kitupu, kando ya njia, kimebonyea katikati kama chapati iliyokaliwa.

Niwaambie jambo kuhusu watu wa magodoro. Ni wagonjwa. Hatuwezi kupita godoro bila kulijaribu. Hotelini, hospitalini, kwenye nyumba ya msiba, tunabonyeza kwa kiwiko. Mimi mwenyewe usiku wa harusi yangu nilifunua shuka kwanza nikague mshono, na Ilyas hajaacha kunicheka mpaka leo.

Bwana Lumb akapiga magoti. Akabonyeza kwa kiwiko. Uso ukamkunjamana kama amelamba ndimu. Akabonyeza upande wa pili, akatikisa kichwa kwa huzuni.

Kisha, kama afanyavyo kiwandani, akalala juu yake kukipima kwa mgongo.

Hapo ndipo Zoha alipoinuka.

Mwanangu hakuwa amelala. Alikuwa kwenye kigodoro cha jirani, macho mawili makavu, anamtazama huyu mzee. Akatambaa, akampanda tumboni, akaweka shavu lake kwenye tai, akavuta pumzi moja ndefu, na kulala.

Kimeumana!

Bosi akaganda, mikono hewani. Akamwangalia Bi Sugden. Bi Sugden akaweka kidole mdomoni, akaenda kuketi pembeni na kuanza kukunja nguo za watoto, kama vile wanaume wenye tai hulala hapo kila siku.

Bosi akageuza macho kwangu. Midomo ikaanza kuumba maneno, polepole, kama bandani.

"Mtoe."

Nikatikisa kichwa. "Siwezi. Akiamka huyu, wanaamka wote."

"Wa nani huyu?"

"Wangu."

Akafumba macho. Akayafumbua. "Umenitega."

Sijui nini kilinipata, ndugu zangu. Labda ni kwa sababu alikuwa amelala chini na mimi nimesimama. Labda ni kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kwa midomo. Ila yale yote yaliyokuwa yanageuka stepla kila nikigonga mlango wake, yalitoka yote.

"Sikukutega," nikamwambia. "Lakini kwa kuwa huwezi kuondoka, utanisikia. Mimi sitaki kuacha kazi. Mishahara ya watu wako wote naijua kwa moyo. Janice akifanya saa za ziada nazijua kabla hajazisema. Nimesoma kwa hili. Na sikuombi unipe kitu chako. Nakuomba unikate changu, na uje ukae kwenye kiti hapa, mara moja moja."

"Janice alilea wanne. Hakuomba kamati."

"Janice mama yake alikuwa nyumba ya pili. Mama mkwe wangu yuko Bolton."

"Mimi nilikulia ndani ya sanduku."

"Ulilipenda?"

Akaangalia dari. Zoha alikuwa ameanza kumdondoshea mate kwenye tai, na yeye hata hakusogea.

"Lilikuwa na panya," akasema hatimaye.

Nikajiziba kinywa nisicheke, na papo hapo machozi yakanijaa. Mimi ndivyo nilivyo.

"Mama alikuwa akinyoosha mguu kila mara," akaendelea, "anagusa sanduku. Kuhakikisha nipo. Siku moja aliangalia chini kunitafuta, akajishona kidole."

Nikajifuta machozi kwa mkono wenye viatu.

Akamtupia jicho Bi Sugden, aliyeonekana kutazama nguo alizokuwa akikunja. "Na huyu bibi anatisha kuliko mama yangu."

"Bwana Lumb. Unakubali au hukubali?"

Niliumba kila neno. Hata leo siamini ni mimi.

"Haya," akasema. "Nakubali. Lakini haya magodoro yaondoke. Ni aibu."

Mikono yake ikashuka taratibu, mmoja ukakaa mgongoni kwa Zoha.

Na akalala. Pwaa. Kama taa iliyozimwa.

Kisha akaanza kukoroma. Nikajua sasa basi, watoto wote wanaamka. Hakuna aliyeamka! Mlio wake ulikuwa uleule wa mashine ya springi, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na hata yule mvulana wa pembeni aliyekuwa akijigeuzageuza akatulia tuli.

Mwenye bahati mbaya ni yeye. Aliamka amezungukwa. Watoto walikuwa wamembandika vibandiko vya vipepeo mpaka kwenye upara, na mmoja alikuwa anamuuliza kwa nini ana nywele masikioni.

Alitoka kama mtu anayewahi treni. Ndani ya gari hakunitazama.

"YALIYOTOKEA MLE NDANI HAYAKUTOKEA."

"Lakini ulikubali," nikanong'ona.

"NILIKUBALI? MIMI? NIMESEMA NENO MLE NDANI? MUULIZE YEYOTE ALIYEKUWEMO KAMA ALISIKIA SAUTI YANGU!"

Ni kweli. Hakuna aliyesikia sauti yake.

Alikuwa ameona haya, najua. Mzee mzima, mwenye kiwanda, kulala chekechea na kusimulia habari za sanduku la panya. Lakini haya zake ndizo zingenitoa kazini.

Ijumaa ikafika. Asubuhi nilianza kupanga vitu vyangu mezani. Kikombe, picha ya Zoha, stepla zote nikazirudisha. Janice alitaka kwenda kumpiga bosi na roli la kitambaa, nikamzuia.

"Niache nimpige kidogo tu," akasema.

"Janice, tafadhali."

Saa ya chakula, siku ambayo wote hula samaki na chipsi, bosi alikuwa bandani anakagua springi, mashine bado zinaunguruma, nusu ya washonaji wamekaa juu ya magodoro na vifurushi vyao mapajani. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwaaga.

Mlango mkubwa ukafunguliwa.

Akaingia Bi Sugden.

Koti la kijivu, mkoba mkononi. Hakuja mpaka tulipo. Alisimama kulekule mlangoni, akamkazia macho Bwana Lumb kuvuka banda zima, na midomo yake ikaanza kuumba maneno. Safi. Nyusi, macho, kila kitu mahali pake.

"Bwana Lumb. Ulisema unakubali."

Banda lote likaacha kutafuna.

Bosi akashika mashine asianguke. "NINI?" akapiga kelele, nasi hatukuisikia, tuliiona tu.

"Nilifuma sufu kiwandani kabla sijalea watoto," Bi Sugden akaendelea kwa midomo. "Nilikusoma tangu 'mtoe' mpaka 'nakubali'. Nimekusubiri utimize mwenyewe, kiungwana. Leo ni Ijumaa. Sasa niendelee? Niwaambie hawa habari za sanduku?"

"USI..." Akaacha sauti, akageukia midomo haraka haraka. "Usiendelee! Usiendelee!"

"Au niwaambie ni nani anayetisha kuliko mama yako?"

Janice alianguka juu ya godoro na chipsi zake. Washonaji mabega yanatikisika, machozi yanawatoka, na kwenye ule mngurumo hakuna kicheko hata kimoja kilichosikika. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Bwana Lumb akatuangalia sisi, akamwangalia yeye. Akanyoosha tai.

"Kikao cha kwanza lini?" akauliza kwa midomo.

Nikakimbia. Mimi, Tasnim, nilikimbia bandani mbele za watu, nikamkumbatia Bi Sugden, kisha nikaogopa nilichofanya nikamwachia.

Jioni nilipokwenda kumchukua Zoha, mwanafunzi kamili sasa mwenye ndoano yake ya koti na jina lake juu, Bi Sugden alikuwa stoo anasukuma kile kigodoro kilichobonyea nyuma ya makabati.

"Kumbe kinakaa huku?" nikauliza. "Si kilikuwa cha mtoto?"

"Cha mtoto gani? Hicho nilikitoa stoo asubuhi ya siku mliyokuja. Vingine vyote ni vipya." Akafuta vumbi mikononi. "Kaka yangu alitengeneza magodoro maisha yake yote. Hakuwahi kulipita bovu bila kulilalia."

Nikamwangalia yeye, nikakiangalia kigodoro.

"Na Zoha?"

"Zoha nilimwona tangu siku ya kwanza. Mtu mzima yeyote akilala chini, yeye anapanda. Nilichofanya ni kumsogeza karibu." Akazima taa ya stoo. "Kwani ulidhani nilimkaribisha saa ya kulala kwa bahati?"

Wazazi wenzangu mlioajiriwa, nawaomba sana, ulizeni kazini kwenu. Msione haya kama mimi. Nafuu kama hizi hazimfuati mtu nyumbani, na mwajiri wako huenda anakataa kwa sababu tu hajawahi kuketi sakafuni akaona anachokikataa. Na kama sauti haikutoki, usijione huna la kusema. La kusema unalo. Tafuta namna yako ya kulisema, na umtazame mtu usoni ukiwa unalisema.

Zoha hajambo, anaongea kuliko mimi. Mimi bado niko ofisi ya mishahara.

Bwana Lumb hajakosa kikao hata kimoja cha kamati. Vyote, kwa ombi lake mwenyewe, vinafanyika baada ya chakula cha mchana.